Kiapo hakijazi tangi: ninachokitumaini kwa Rais mpya wa Malawi

Tangu Peter Mutharika aapishwe Oktoba 4, 2025 katika Uwanja wa Kamuzu mjini Blantyre, mazungumzo ya watu wa mizigo hapa Dar es Salaam, kuanzia Kurasini hadi Kariakoo, yameegemea upande mmoja: mzee amerudi, kazi anaijua, foleni za mafuta Lilongwe zitakwisha na wateja wetu wa Malawi watarudi na hela mkononi. Naelewa tumaini hilo linatoka wapi. Mtu aliyelala kwenye foleni ya petroli ana haki ya kutumaini chochote. Lakini naona tunatumaini jambo ambalo silo. Foleni zile hazikuletwa na upole wa Rais aliyetangulia, Lazarus Chakwera, na hazitaondolewa na ukali wa aliyemshinda. Zimeletwa na bei ya dola isiyolingana na hali halisi, katika nchi ambayo dola zake huja kwa msimu kama embe. Kwa hiyo tumaini langu kwa Rais mpya ni dogo kuliko la wengi, na ni gumu zaidi kulitimiza: kwamba katika miezi sita ya ukame wa dola, kati ya Oktoba 2025 na Machi 2026, ataanza kuirekebisha bei ya kwacha, sarafu ya Malawi, na utaratibu wa kununua mafuta na mbolea, atawakinga wasio na kitu wakati wa maumivu hayo, na atawaambia Wamalawi waziwazi kwamba foleni zitaendelea kwa muda wakati kazi hiyo inafanyika.

Jambo hili linatuhusu. Malawi haina bahari, na mafuta yake huingia hasa kwa njia tatu: bandari za Beira na Nacala za Msumbiji, na hapa kwetu. Lori likitoka Dar lina zaidi ya kilomita 900 za kupitia Morogoro, Mikumi, mlima Kitonga, Makambako, Uyole na Tukuyu hadi mpakani Kasumulu. Likivuka Mto Songwe bado lina zaidi ya kilomita 600 za Karonga, milima ya Chiweta na Mzuzu kabla ya kuiona Lilongwe. Njiani kuna mizani, mama lishe, mafundi wa matairi, mawakala wa forodha na madereva wenye familia Mbagala na Tunduma. Lori lililopaswa kufanya safari tatu kwa mwezi likifanya moja, marejesho ya mkopo wa benki hayapungui kwa theluthi mbili. Ndiyo maana kiapo cha Blantyre kilifuatiliwa huku kwa makini, hata katika wiki ambazo sisi wenyewe tulikuwa tukielekea kwenye kura yetu ya Oktoba 29, 2025.

Tulitazame lori moja kwa karibu, maana hapo ndipo tatizo linapoonekana. Mafuta yameagizwa mapema kupitia mfumo wa uagizaji wa pamoja unaosimamiwa na PBPA, wakala wa serikali yetu. Meli imeshusha Kurasini au kwenye boya la Mjimwema, Kigamboni, na mzigo umeingia kwenye matangi ya depo. Mafuta ya kutumika Tanzania hutiwa vinasaba. Ya transiti hayatiwi, ili yakimwagwa kwenye kituo cha mafuta cha hapa nchini yajulikane. Lori likija kupakia, kila chumba cha tangi hujazwa na kupimwa kwa kijiti, mifuniko na bomba za chini hufungwa lakiri, namba za lakiri huandikwa kwenye hati, na lakiri ya kielektroniki ya forodha huwekwa ili lori lifuatiliwe hadi mpakani. Kazi yote hiyo ikienda vizuri ni ya saa chache. Lakini kabla lita ya kwanza haijaingia, lazima muuzaji awe amelipwa, au benki ya mnunuzi iwe imetoa barua ya dhamana ambayo benki ya muuzaji inaikubali. Hapo ndipo mambo yanapokwama. Benki ya mnunuzi kule Malawi ina kwacha za mteja wake, tena nyingi, ila haina dola. Na benki ya nje haipokei dhamana isiyo na dola nyuma yake. Mafuta yapo, lori lipo, dereva yupo na vibali vipo, na bado lori halitoki getini.

Sasa tupige hesabu, kwa mfano tu. Tuchukulie lori linabeba lita 40,000, na kila lita imegharimu senti 80 za dola hadi kufika. Hizo ni dola 32,000. Tangu Benki Kuu ya Malawi ilipoishusha kwacha kwa asilimia 44 Novemba 2023, bei rasmi imekaa karibu na kwacha 1,750 kwa dola. Kwa bei hiyo lori lile ni kwacha milioni 56, yaani kwacha 1,400 kwa lita kabla ya kodi na faida. Mtaani dola imekuwa ikiuzwa kwa zaidi ya mara mbili ya bei rasmi. Tuseme 4,000: lori lilelile ni milioni 128, yaani kwacha 3,200 kwa lita. Mfanyabiashara akiuza kwa bei ya pampu iliyokokotolewa kwa dola ya benki, anakusanya milioni 56 na chake kidogo, anazipeleka benki, anaambiwa subiri. Akienda mtaani, fedha hizo hazinunui hata nusu ya lori linalofuata. Hapo hakuna mwizi wala hujuma. Ni hesabu inayokataa kufunga. Na upande wa pili wa hesabu hiyo ni mbaya vilevile: mwenye dola, awe muuza soya, mwenye hoteli kando ya ziwa au kijana anayetumiwa hela na ndugu yake aliye Afrika Kusini, haoni sababu ya kuzipeleka benki akapate kwacha 1,750 wakati jirani yake anampa zaidi ya maradufu. Kwa hiyo bei rasmi inafanya kazi mbili kwa wakati mmoja. Inazidisha wanaotaka dola na kuwafukuza wanaozileta.

Kisha kuna kalenda. Malawi hununua nje karibu mara tatu ya inachouza, na takriban nusu ya inachouza ni tumbaku. Masoko ya tumbaku hufunguliwa Aprili. Dola humiminika Mei, Juni na Julai, hupungua Agosti, na ikifika Oktoba zimekauka. Rais mpya ameingia Ikulu wiki ileile ambayo kisima kiko tupu. Na miezi hiyohiyo ndiyo yenye mahitaji makubwa kuliko yote: mbolea ya urea na ya kupandia lazima iwe imefika vijijini kabla ya mvua za Novemba, mafuta yanahitajika kuisambaza, na kuanzia Desemba hadi Machi ghala za wakulima huwa tupu, hivyo mahindi nayo huenda yakanunuliwa nje. Anayepima utendaji wa kiongozi huyu kwa siku mia moja za kwanza anampima kuanzia Oktoba hadi katikati ya Januari, yaani katika kipindi ambacho hata malaika asingeweza kujaza matangi ya akiba ya Lilongwe, Blantyre na Mzuzu kwa dola za nchi yenyewe.

Kalenda ya serikali nayo haimsaidii. Mwaka wa fedha wa Malawi huanza Aprili 1, si Julai 1 kama wetu. Aliyeapishwa Oktoba amekuta nusu ya bajeti ya mwenzake imekwisha tumika, na anachoweza kufanya kwa haraka ni kuipanga upya nusu iliyobaki wakati wa mapitio ya katikati ya mwaka. Bajeti iliyo yake kweli ni ile ya kuanzia Aprili 2026. Mpango wa mkopo wa IMF wa dola milioni 175 ulioidhinishwa Novemba 2023 ulikufa Mei 2025, kwa sababu miezi 18 ilipita bila tathmini hata moja kukamilika. Kuanzisha mwingine si suala la kupiga simu. Wataalamu huja, hukagua hesabu, hudai hatua zichukuliwe kabla ya kusaini, halafu wadai wengine huombwa watoe ahadi kwamba watapunguza au kusogeza madeni yao, na hapo Malawi imekuwa na mazungumzo magumu na benki za kikanda kama Afreximbank na TDB. Ikienda vizuri, ni kazi ya mwaka mzima.

Wanaomtegemea Mutharika wana hoja moja yenye uzito, na sitaki kuipita haraka. Wanasema: alitawala kuanzia 2014 hadi 2020, kwacha ikakaa karibu na 730 kwa dola kwa miaka kadhaa, na mafuta yalipatikana. Ni kweli. Lakini tuangalie kilichotokea tangu aondoke. UVIKO ulikata utalii na biashara. Vita vya Ukraine vya 2022 vilipandisha mafuta na mbolea kwa pamoja, na kwa Malawi hivyo ndivyo vitu viwili vinavyokula dola kuliko vingine. Machi 2023 kimbunga Freddy kilifagia mashamba na barabara za kusini, na mwaka uliofuata ukame wa El Niño ukakausha mahindi. Juu ya hayo serikali iliendelea kukopa kwa kasi, ndani na nje, kulipia matumizi ambayo kodi haikuyatosha. Nyumba anayorudi si ile aliyoiacha. Uzoefu wake una faida: anawajua watendaji, anajua mafaili yako wapi, na kwa kuwa aliapishwa akiwa na miaka 85 labda hana haja ya kujikusanyia umaarufu wa kura nyingine. Lakini uzoefu huo wa miaka ya kwacha tulivu unaweza kumdanganya akadhani kwamba bei ya dola hutulia kwa sababu kiongozi ametaka itulie.

Familia yake inalo somo hilo karibu zaidi. Kaka yake, Bingu wa Mutharika, alikataa kuishusha kwacha vya kutosha mwaka 2010 na 2011 akiamini anawalinda maskini. Matokeo yalikuwa foleni za mafuta zilezile, viwanda bila malighafi, na maandamano ya Julai 20, 2011 ambamo karibu watu 20 waliuawa. Alifariki Aprili 2012. Joyce Banda aliyemrithi aliishusha sarafu mwezi uliofuata, kutoka kwacha 167 hadi 250 kwa dola. Mafuta yalirudi vituoni. Lakini bei za vitu zilipaa, mshahara wa mwalimu ukayeyuka, ikaja kashfa ya wizi wa fedha za serikali mwaka 2013, na katika uchaguzi wa 2014 Banda alishika nafasi ya tatu. Aliyeshinda ni huyuhuyu Peter Mutharika. Kwa hiyo Rais wa sasa anaujua mtego huu kwa pande zote mbili: amemwona kaka yake akiumizwa na kukataa, na amemwona mpinzani wake akiumizwa na kukubali. Ndiyo sababu siwashangai viongozi wanaoahirisha uamuzi huu. Nawalaumu tu kwa kuahirisha bila kuwaandaa watu.

Hoja dhaifu kuliko zote, na ndiyo inayovuma zaidi vijiweni, ni kwamba mafuta yapo ila wafanyabiashara wameyaficha, na kwamba kiongozi mkali akikamata watu kumi foleni zitakwisha. Sisi wa Dar tunapaswa kuwa wa mwisho kuisema. Machi 1983 serikali yetu iliendesha kampeni kubwa dhidi ya wahujumu uchumi. Watu walikamatwa, bidhaa zikatolewa mafichoni, nyingine zikatupwa usiku kwa hofu. Baada ya muda mfupi maduka yakawa matupu zaidi kuliko mwanzo, kwa sababu kilichokuwa kimefichwa kilikwisha na hakuna aliyethubutu kuleta kingine. Sabuni, sukari na khanga zilianza kurudi madukani pale serikali iliporuhusu, kuanzia 1984, mwenye fedha zake za kigeni aagize bidhaa bila kuulizwa amezipata wapi. Ali Hassan Mwinyi aliapishwa Novemba 5, 1985 akikuta hazina haina dola, na mwaka 1986 shilingi ikashuka kutoka takriban 17 hadi 40 kwa dola, kisha ikaendelea kushuka. Wazee wa Ilala na Temeke wanakumbuka mambo mawili kwa pamoja: kwamba bidhaa zilipatikana, na kwamba mshahara haukuzifikia. Yote mawili ni kweli, na anayesimulia moja tu anapotosha. Wizi upo Malawi, kama ulivyo kwingine, na wezi washitakiwe. Lakini hata wangefungwa wote kesho, lori letu la dola 32,000 lingebaki getini Kigamboni.

Kuna upande wa pili unaostahili heshima zaidi, wa wale wanaosema kushusha thamani ya sarafu hakujasaidia. Wanaonyesha Novemba 2023: kwacha ilishushwa kwa asilimia 44, mkate na mafuta ya kula vikapanda, na bado foleni ziliendelea. Wako sahihi kwamba hatua ile ilishindwa. Nadhani ilishindwa kwa sababu mbili. Kwanza, ilifanywa mara moja kisha bei ikagandishwa palepale. Mtaani dola iliendelea kupanda, na baada ya miezi michache pengo likawa limerudi. Pili, serikali iliendelea kutumia kuliko inachokusanya na kuziba pengo kwa kukopa kwenye benki za ndani, na kila kwacha mpya inayoingia mtaani hivyo huanza kutafuta dola. Kushusha bei ya sarafu bila kupunguza nakisi ni kuteka maji kwa pakacha. Kwa hiyo simtumainii Rais ashushe tu. Namtumaini afanye mambo mawili kwa pamoja, yaani aiache bei isogee kidogokidogo kila wiki kwa mnada ulio wazi badala ya kuruka mara moja kila baada ya miaka miwili, na abane matumizi ya serikali kwa namna inayoonekana, akianza na safari, misafara na ruzuku zinazowafikia wenye magari kuliko wasio na baiskeli. Ruzuku ya petroli ni mfano halisi. Bei ya pampu iliyogandishwa muda mrefu chini ya gharama inamfaidi mwenye gari la lita 60, na mama wa Nsanje anayekwenda kliniki kwa bodaboda hununua mafuta ya chupa kwa bei ya magendo.

Zambia ndiyo kipimo cha karibu cha muda unaohitajika. Hakainde Hichilema aliapishwa Agosti 24, 2021, chini ya mwaka mmoja baada ya nchi yake kushindwa kulipa hatifungani zake Novemba 2020. Makubaliano ya awali na wataalamu wa IMF yalipatikana Desemba 2021. Mwezi huohuo ruzuku ya mafuta ikaondolewa na bei ya pampu ikapanda. Bodi ya IMF iliidhinisha mkopo wa dola bilioni 1.3 Agosti 31, 2022, na makubaliano na nchi zinazoidai, ya dola bilioni 6.3, yakafikiwa Juni 2023. Karibu miaka miwili tangu kiapo. Katikati ya safari hiyo alifanya jambo ambalo Malawi ingelitazama kwa makini: Januari 2022 ada za shule za serikali zilifutwa hadi sekondari, na mwaka huohuo walimu wapya 30,000 wakaajiriwa, hivyo mzazi aliyelia na bei ya petroli aliona kitu kimeingia mlangoni kwake. Na kuna uamuzi ambao haukushangiliwa na mtu barabarani: bomba la TAZAMA, lenye kilomita 1,710 kutoka hapa Dar hadi Ndola, liliacha kupeleka mafuta ghafi kwenye kiwanda cha kusafisha kilichochakaa, na tangu 2023 linapeleka dizeli iliyo tayari. Gharama ya usafiri ilishuka. Si kwamba Zambia imepona. Ukame wa 2024 ulishusha maji ya bwawa la umeme la Kariba na kuiacha nchi gizani kwa saa nyingi kila siku. Zambia ina shaba pia, na Malawi haina. Bado mfano unasimama kwa jambo la muda.

Watu wengine wanaweka tumaini kwenye ununuzi wa mafuta kati ya serikali na serikali, kwa mkopo. Kenya ilianza mwaka 2023 na kampuni za Ghuba, kwa mkopo wa siku 180. Malawi nayo ilijaribu njia ya namna hiyo wakati wa Chakwera. Nadhani ni chombo kizuri kikitumiwa kwa kalenda, na ni hatari kikitumiwa kama dawa. Mafuta yakichukuliwa Oktoba kwa siku 180, malipo yanaangukia Aprili, masoko ya tumbaku yanapofunguliwa. Hapo mkopo unavusha nchi kutoka msimu hadi msimu, kama mkulima anayekopa mbegu. Lakini oda za mbolea ya msimu ujao nazo zinapaswa kulipiwa kuanzia Mei hadi Julai ili meli zifike Beira, Nacala au Dar kabla ya Oktoba. Dola za tumbaku zikiwa zimekwisha ahidiwa kwa mafuta yaliyokwisha kuchomwa, mbolea itakosa, mvua itanyesha kwenye shamba lisilo na kitu, na Machi inayofuata nchi itahitaji dola za kununua mahindi. Kosa moja la mpangilio Oktoba 2025 linaweza kuonekana kama njaa baada ya miezi kumi na nane. Kwa hiyo ningependa Rais huyo awe na karatasi moja mezani, mafuta na mbolea na dawa na madeni zikiwa kwenye jedwali moja, kwa mwezi, kwa dola, na aitangaze karatasi hiyo kila mwezi ili mwagizaji ajue nafasi yake iko wapi. Mfanyabiashara anayejua kwamba zamu yake ni wiki ya pili ya Februari hufunga mkataba, hupata lori kwa bei nafuu, halipi fidia ya kuchelewesha. Asiyejua huongeza kwenye bei yake gharama ya hofu.

Maumivu yatakuwepo, na hapa ndipo ninapomtaka Rais awe na huruma iliyopangwa. Bei ya dola ikirekebishwa, mbolea inayotoka nje itapanda bei wiki hiyohiyo. Ruzuku ya mbolea ibaki, lakini imfikie mwenye shamba dogo mapema, mfuko mmoja wa kupandia kabla ya mvua na mmoja wa urea wiki chache baadaye. Urea inayofika mahindi yameshatoa mbelewele ni fedha iliyotupwa. Walio hoi kabisa wapewe fedha taslimu kwa simu, na kiwango kipandishwe kila bei ya mahindi inapopanda, kwa sababu msaada uliogandishwa wakati kila kitu kinapanda haukingi mtu. Mishahara ya wauguzi na walimu iangaliwe ndani ya mwaka wa kwanza. Haya yote yana gharama, na ndiyo sababu kubana matumizi makubwa kunapaswa kutangulia.

Na sisi tuna sehemu yetu. Mapema mwaka 2025 Malawi ilizuia unga wa mahindi, mchele, tangawizi na ndizi kutoka nje, Tanzania ikiwemo, na Aprili serikali yetu ikajibu kwa kuzuia mazao ya kilimo kutoka Malawi na Afrika Kusini. Muda mfupi baadaye zuio likalegezwa, ila ndizi za wakulima wa Rungwe zilikuwa zimeoza na madereva walikuwa wamelala mpakani. Marufuku ya Malawi ilitokana na ukosefu uleule wa dola: nchi isiyo na fedha za kigeni hukata kwanza kile inachoona inaweza kukizalisha. Rais mpya atashawishika kukata tena, hasa Januari na Februari. Ningetamani mabalozi na mawaziri wa pande zote mbili wakae sasa, kabla ya miezi hiyo, waandike kwamba hakuna zuio litakaloanza bila notisi ya siku angalau 60 na kwamba mzigo ulio njiani utapita. Benki za hapa na za kule nazo zingeweza kuruhusu sehemu ya biashara ya mpakani ilipwe kwa shilingi na kwacha moja kwa moja. Muuza mchele wa Kyela na mnunuzi wa Karonga hawana sababu ya kutafuta dola ya Marekani ili wauziane gunia. Tulionja wenyewe mwaka 2023, petroli ilipoadimika na waagizaji wetu wakihangaika kupata dola, jinsi ambavyo nchi yenye bandari na dhahabu inaweza kuyumba. Jirani asiye na vyote viwili anahitaji uvumilivu wetu kuliko ushauri wetu.

Wamalawi wamekwisha onyesha uvumilivu wa kupigiwa mfano. Mwaka 2020 mahakama yao ilifuta uchaguzi wa 2019, wakarudia kura, na Chakwera akaingia kwa takriban asilimia 59 akiwa amebebeshwa kila tumaini. Miaka mitano baadaye amepata asilimia 33, akampigia mshindi simu kumpongeza kabla matokeo hayajatangazwa rasmi, na akaondoka. Mutharika amepata zaidi ya asilimia 56 kwa watu walewale, ambao hawakubadilika roho. Walichoka kusubiri bila kuambiwa wanasubiri nini. Hilo ndilo ninaloogopa lisijirudie. Kwa hiyo sitahesabu foleni za Desemba, wala hotuba. Masoko ya tumbaku yatakapofunguliwa Aprili 2026, mwaka wake wa kwanza wa bajeti ukiwa umeanza, nitataka kujua kama mwenye kituo cha mafuta pale Karonga anaweza kupeleka kwacha zake benki asubuhi na kupata dola kwa bei iliyobandikwa ukutani, bila kumjua mtu, na lori lake likaruhusiwa kupakia Kigamboni wiki hiyohiyo.